Likizo ya skii kwa familia: wapi pa kwenda bila kutoboa mfuko

Familia nyingi zinazokwenda kwenye theluji kwa mara ya kwanza hulipia mlima mzima, kisha hutumia kipande chake kidogo tu. Tangazo linataja kilomita 600 za njia za kutelezea na lifti zisizohesabika za kupandisha watu mlimani. Watoto nao wanashinda siku nne kati ya sita kwenye mteremko mfupi kuliko uwanja wa mpira, wakijifunza kusimama, kuanguka na kusimama tena. Yametukuta sisi wenyewe, na ndiyo maana orodha hii sikuipanga kwa ukubwa wa mlima wala kwa umaarufu wake. Nimeipanga kwa swali moja: wazazi na watoto ambao hawajawahi kuvaa skii, vibao vya kutelezea kwenye theluji, watapata nini kwa kila siku wanayoilipia?

Kwanza tarehe, kisha mahali

Hakuna kinachoshusha gharama kama tarehe. Krismasi hadi Mwaka Mpya ni ghali kila mahali, na wiki za likizo za shule za Februari barani Ulaya ni hivyohivyo. Fleti ileile inaweza kupanda bei hata mara mbili. Ufaransa imegawa shule zake katika kanda tatu zinazopokezana likizo, kwa hiyo msongamano huanza mapema Februari na kuendelea hadi Machi mwanzoni.

Mnaoweza kuchagua, angalieni wiki ya pili na ya tatu ya Januari, au katikati ya Machi. Januari ni nafuu zaidi, ila baridi ni kali na jua linazama mapema. Kwa watoto wadogo mimi napendelea Machi: mchana ni mrefu, jua lina joto, na kwenye milima mirefu theluji imeshajaa vya kutosha. Milima mifupi mwezi huo huwa na theluji laini iliyolowa ifikapo mchana, na miguu ya anayejifunza inachoka upesi ndani yake. Mwanzoni mwa Desemba pia bei ni nzuri, lakini hapo mnacheza bahati nasibu na mawingu.

Mkishapata tarehe, jumlisheni gharama zote kwa pamoja kabla ya kulinganisha: usafiri hadi mlimani, malazi, pasi ya lifti, kukodi vifaa, masomo, bima, chakula. Ndege ya bei ya chini inayotua saa nne mbali na mlima, kisha ikawalazimu kukodi gari lenye matairi ya theluji, mara nyingi inaishia kuwa ghali kuliko ile mliyoikataa.

1. Borovets, Bulgaria

Ukitaja Bulgaria, kila mtu atakuambia Bansko. Mimi naitanguliza Borovets kwa sababu ya mahali ilipo miteremko ya wanaoanza. Kijiji kimekaa ndani ya msitu wa misonobari katika milima ya Rila, chini ya Musala, kilele cha mita 2,925 ambacho ni kirefu kuliko vyote katika Balkan. Miteremko rahisi inashuka hadi karibu na milango ya hoteli. Mtoto akianza kulia saa tano asubuhi kwa sababu vidole vimepata baridi, mzazi mmoja anarudi naye chumbani kwa miguu na mwingine anaendelea na somo lake. Jambo hilo dogo ndilo linaloiokoa wiki nzima.

Kutoka uwanja wa ndege wa Sofia ni kama kilomita 70. Pasi, masomo na vifaa vya kukodi vina bei ya chini kuliko kwenye vijiji vingi vya Alps, na kampuni nyingi huviuza vyote pamoja kama kifurushi kimoja. Tangu Januari 2025 Bulgaria imo kikamilifu katika eneo la Schengen, la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na tangu Januari 2026 inatumia yuro, hivyo hesabu za viza na fedha zimekuwa nyepesi.

Kasoro zipo. Anayejua kuteleza vizuri atazimaliza njia zote kwa siku tatu, na baadhi ya hoteli ni za zamani. Ombeni picha za karibuni, na muulize kama kuna chumba chenye joto cha kukaushia buti.

Bansko yenyewe inafaa familia ambayo angalau watu wazima wameshajua kuteleza. Mji wake wa kale wa nyumba za mawe unapendeza, na vyumba vya kupanga ni vingi na nafuu. Ila mji uko chini, kwenye mita 900 na kitu, na theluji ya kutegemewa iko juu. Karibu kila mtu anapandishwa na gari moja la kebo, na katika wiki za shughuli nyingi foleni ya asubuhi ni ndefu kweli. Kusimama humo na mtoto wa miaka mitano aliyevaa buti ngumu si jambo la kurudia kwa hiari.

2. Les Menuires, Ufaransa, kwenye fleti ya kujipikia

Watu wanadhani Alps za Ufaransa ni za matajiri tu. Zipo za matajiri, na Courchevel ni mojawapo. Lakini upande wa pili wa eneo hilohilo, Mabonde Matatu, kuna Les Menuires: majengo makubwa ya fleti yaliyoanza kujengwa miaka ya 1960, yasiyovutia macho lakini yaliyopangwa kwa akili. Yako kwenye mita 1,850, na kutoka mengi yao unavaa skii mlangoni. Theluji ni ya uhakika kuliko Borovets, na jikoni ni lenu, kwa hiyo mnapika wenyewe badala ya kulipia watu wanne mgahawani kila mchana. Kwa familia, akiba ya chakula pekee inaweza kufuta tofauti ya bei ya pasi.

Mambo mawili ya kuangalia. Fleti iliyoandikwa "ya watu 6" kwa kawaida huwa imehesabu kitanda cha sofa sebuleni na vitanda vya ghorofa kwenye kijia cha kuingilia. Familia ya wanne ichukue ya sita. Pia soma kama mashuka, taulo na usafi wa mwisho vimo ndani ya bei, maana mara nyingi havimo.

Na usinunue pasi ya Mabonde Matatu yote. Ipo ya upande wa Les Menuires pekee yenye njia za kilomita 160, na bado hiyo ni kubwa mno kwa anayeanza. Vijiji vingi vya Ufaransa vina lifti chache za bure au pasi ndogo ya wanaojifunza. Kawaida hiyo ndiyo yote mtakayohitaji siku tatu za mwanzo.

3. Jasná, Slovakia

Hapa ndipo ningempeleka mtoto asiye na uhakika kama ataipenda theluji. Jasná iko katika milima ya Tatra ya Chini, pande zote mbili za kilele cha Chopok chenye mita 2,024. Bondeni, karibu na mji wa Liptovský Mikuláš, kuna mabwawa ya maji ya moto ya Tatralandia. Siku ambayo upepo umefunga lifti za juu, na upepo wa Chopok ni wa kawaida, watoto wanakuwa na mahali pa kwenda.

Pasi huuzwa mtandaoni kwa bei inayobadilika kulingana na siku na wingi wa wanunuzi. Ukinunua mapema unalipa pungufu sana kuliko dirishani asubuhi hiyohiyo. Kinachoishusha hadi nafasi ya tatu ni usafiri: ndege zinazotua Poprad, karibu na mlima, ni chache, na wengi hupitia Kraków nchini Poland kisha hukaa barabarani kwa saa kadhaa.

4. Andorra

Grandvalira, eneo kubwa la skii la nchi hii, ina kilomita zaidi ya 200 za njia, kodi ya mauzo ya nchi ni asilimia 4.5 tu, na shule ya skii ya Soldeu, kijiji kilichomo humo, ina sifa nzuri kwa wanaotaka kufundishwa kwa Kiingereza. Malazi yakiwa ghali Soldeu, laleni Encamp, ambako gari la kebo linapanda moja kwa moja hadi kwenye theluji. Andorra haina uwanja wa ndege wa abiria wa kimataifa, kwa hiyo hesabuni kama saa tatu za basi kutoka Toulouse au Barcelona.

Tahadhari kubwa ni viza. Andorra haimo katika Schengen, na njia pekee za kuingia ni kupitia Ufaransa au Hispania. Ukiwa na viza ya Schengen ya kuingia mara moja, ukivuka kwenda Andorra umetoka, na hutaweza kurudi kupanda ndege yako. Ombeni ya kuingia mara mbili au zaidi.

5. Gudauri, Georgia

Kwa bei, pengine hakuna anayeishinda katika orodha hii. Iko kilomita 120 hivi kutoka Tbilisi, kwenye mita zaidi ya 2,000, na lifti zinapanda hadi karibu mita 3,270. Nimeiweka hapa kwa sababu haina miti. Ukungu ukishuka, anga na ardhi vinakuwa rangi moja, na mtoto anayejifunza haoni mteremko unaelekea wapi. Barabara nayo hufungwa mara nyingine kwa hofu ya maporomoko ya theluji, kwa hiyo acheni siku ya akiba kabla ya ndege ya kurudi. Ni chaguo zuri kwa safari ya pili au ya tatu.

6. Afriski, Lesotho

Msimu wake ni Juni hadi Agosti, wakati kaskazini ni kiangazi. Iko juu sana, mita 3,222, na mteremko wake mkuu una urefu wa kama kilomita moja, ukitegemea sana mashine za kutengeneza theluji usiku wa baridi kali. Wiki nzima hapo ni ndefu mno. Siku mbili au tatu zinatosha, na vifaa na mavazi vinakodishwa palepale. Kwa urefu huo, siku ya kwanza watoto wasikimbizwe. Wapeni maji na muda.

Kama hata hapo ni mbali, kuna kumbi za theluji za ndani. Ski Dubai, iliyofunguliwa 2005, ina mteremko wa mita 400, na bei ya kuingia inajumuisha koti, suruali na buti. Saa mbili za ukumbini zitawaonyesha kama mtoto anafurahia au anaogopa, kabla hamjalipia wiki.

Mahali pa kutoa pesa bila kinyongo

Buti. Skii za kukodi karibu zote zinamfaa anayeanza. Za mtu mzima zifike kidevuni, za mtoto kati ya kifua na kidevu. Buti ndizo zinazovunja moyo. Binti yangu alipewa, kwenye duka moja la kukodisha, buti kubwa kwa namba moja, nasi tukamvisha soksi mbili ili zijae. Kwa siku tatu alilia kwa baridi na maumivu, tukadhani hapendi mchezo. Siku ya nne mwalimu wake akazivua, akamvisha soksi moja nyembamba na buti ya kipimo chake, na akawa mtoto mwingine. Bado linaniuma. Soksi moja tu, kisigino kisinyanyuke, na mkirudi siku ya pili kubadilisha msione haya. Duka likiuliza uzito, semeni wa kweli: ndio unaopangia nguvu ya kibano kinachoachia buti mtu anapoanguka, na kikikosewa, goti ndilo linaloumia.

Masomo. Somo la kikundi la nusu siku, siku tano au sita mfululizo, linatosha kwa mtoto wa kuanzia miaka minne. Mzazi naye asome. Kufundishwa na mwenzi ni kuokoa pesa kidogo na kununua ugomvi.

Bima. Ile ya kawaida ya safari mara nyingi haihusishi michezo ya theluji, na kushushwa mlimani kwa helikopta ni gharama nzito. Italia, tangu Januari 2022, kila anayeteleza lazima awe na bima ya madhara kwa watu wengine. Ufaransa unaweza kuongeza bima ya siku, Carré Neige, unaponunua pasi.

Mavazi azimeni. Koti na suruali zisizopenya maji zinapatikana kwa ndugu na marafiki au kwa kukodi, na watoto watazizidi kimo kabla ya mwaka ujao. Ndani vaeni sufu au nguo za michezo. Pamba ikilowa jasho hubaki na ubaridi mwilini. Msikose glavu zisizopenya maji, miwani ya theluji na mafuta ya kuzuia jua, kwa kuwa theluji hurudisha mwanga usoni na ngozi zote zinaungua. Kofia ngumu kodini pamoja na skii.

Kabla ya kulipa

Iandikieni shule ya skii kwanza, hoteli baadaye. Waulizeni darasa la watoto linaanzia wapi na ni hatua ngapi kutoka malazi mnayoyafikiria, mwalimu atazungumza lugha gani, na wanafunzi wa mwanzo watatumia lifti zipi siku tatu za kwanza. Wakijibu kwamba ni mkanda unaotembea na lifti moja fupi, msinunue pasi ya siku sita. Nunueni ya siku tatu za mwisho, na alasiri ya siku ya tatu waacheni watoto wachezee theluji kwa mikono tu.