Msafara wa kuongozwa Kaukazi Kusini: Azerbaijan, Georgia na Armenia

Nchi tatu za Kaukazi Kusini, yaani Azerbaijan, Georgia na Armenia, huuzwa na kampuni nyingi za utalii kama msafara mmoja wa karibu wiki mbili, unaoanzia Baku kwenye ufuko wa Bahari ya Kaspi, ukapitia Tbilisi na kuishia Yerevan. Nilijiunga na msafara wa namna hiyo katika kikundi cha watu wasiozidi 16, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya msomaji anayejiuliza kama inafaa kulipia huduma ya kuongozwa katika eneo ambalo msafiri mzoefu anaweza kujipangia mwenyewe. Kwa maoni yangu inafaa, hasa kwa sababu kila nchi ilikuwa na mwongozaji wake, mzaliwa wa hapo, aliyetupokea tulipoingia na kutuaga tulipotoka, hivyo tukaisikia historia ya milima ileile ikisimuliwa mara tatu na watu wasiokubaliana. Kiongozi mmoja wa kigeni anayezunguka na kikundi tangu mwanzo hadi mwisho, hata awe msomi wa kiasi gani, hawezi kutoa kitu hicho, na kwa hiyo anayelinganisha kampuni aulize habari za waongozaji kabla ya kuuliza bei.

Mpangilio wa nchi haukuchaguliwa kwa ajili ya mandhari. Mpaka kati ya Armenia na Azerbaijan umefungwa tangu vita vya mwanzoni mwa miaka ya 1990 vya kugombea Karabakh, eneo la milimani lililodaiwa na nchi zote mbili, na muhuri wa Armenia katika pasipoti unaweza kumletea msafiri maswali mengi anapoingia Baku, ndiyo maana Azerbaijan huwekwa mwanzo na Armenia mwisho. Zaidi ya hayo, Azerbaijan ilifunga mipaka yake ya nchi kavu kwa wasafiri wa kawaida mwaka 2020 wakati wa janga la korona, na amri hiyo ilikuwa ingali ikitumika tulipopita. Matokeo yake ni kwamba kikundi husafirishwa kwa barabara kiasi cha kilomita 300 kutoka Baku hadi Sheki, mji ulio karibu na mpaka wa Georgia, kisha hurudishwa kwa barabara ileile hadi Baku ili kupanda ndege ya kwenda Tbilisi. Kampuni haina lawama kwa uamuzi wa serikali, lakini ina wajibu wa kuueleza. Ratiba tuliyopewa ilionyesha mstari mzuri unaotoka Sheki na kuingia Georgia moja kwa moja, na nauli ya ndege ilijitokeza baadaye kama gharama ya ziada. Jambo hilo halikunipendeza, na ningemshauri kila mtu aombe kwa maandishi ni vyombo gani vya usafiri vinavyohusika kila siku na ni nani anayevilipia.

Hata hivyo, Sheki yenyewe inastahili mwendo wote huo. Kasri la makhan, yaani watawala wa zamani wa Sheki, lililojengwa karne ya 18 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2019 pamoja na sehemu ya kale ya mji, ni jengo dogo la ghorofa mbili ambalo madirisha yake yametengenezwa kwa vipande vya vioo vya rangi vilivyoshikwa na fremu za mbao zilizochongwa na kupachikwa bila msumari wala gundi. Mwanga wa asubuhi unapopenya, michoro ya maua na ya vita iliyo ukutani huonekana kubadilika rangi kadiri jua linavyopanda. Mwongozaji wetu alitupeleka kwanza kwenye karakana ya fundi wa ufundi huo, na tuliporudi kasrini tukawa tunajua macho yatazame wapi. Huo ndio uongozaji unaostahili malipo.

Baku tulipewa muda wa kutosha. Mji wa kale wenye kuta, Mnara wa Bikira na kasri la Washirvanshah, watawala wa kale wa eneo hilo, vyote vinatembeleka kwa miguu, na Gobustan, kiasi cha kilomita 60 kusini, ina michoro zaidi ya 6,000 iliyochongwa kwenye miamba na watu wa kale: wawindaji, wachezaji ngoma, mashua ndefu. Chini kidogo kuna mwamba wenye maandishi ya Kilatini yaliyoachwa na askari wa jeshi la Roma mwishoni mwa karne ya kwanza. Jambo lililonigusa zaidi lilikuwa Ateshgah, hekalu la moto la Surakhani, ambalo kuta zake zina maandishi ya wafanyabiashara wa Kihindi, Wahindu na Masingasinga, waliofika huko kwa njia za biashara na kusali mbele ya gesi iliyowaka yenyewe kutoka ardhini. Gesi hiyo ilikatika mwaka 1969 baada ya uchimbaji wa viwandani, na moto unaoonekana leo huletwa kwa bomba. Mwongozaji alilieleza hilo waziwazi, wala hakujaribu kutuuzia muujiza.

Hapo Sheki ndipo nilipoanza kuelewa thamani ya kuwa na waongozaji watatu. Katika kijiji cha Kish kuna kanisa dogo la mawe, na tuliambiwa kuwa ni la Waalbania wa Kaukazi, taifa la Kikristo la kale ambalo Waazerbaijan huwahesabu miongoni mwa mababu zao. Armenia, nilipomuuliza mwongozaji wa huko kuhusu kanisa hilo, alianza kwa kueleza jinsi kanisa la Waalbania hao lilivyokuwa chini ya kanisa la Armenia kwa karne nyingi. Ndivyo ilivyo hata kwa mkate. UNESCO iliuandikisha utamaduni wa lavash wa Armenia mwaka 2014, na mwaka 2016 ikaandikisha utamaduni wa mikate ya aina hiyo kwa jina la Azerbaijan, Iran, Uturuki, Kazakhstan na Kyrgyzstan. Tuliula mkate huo mezani pande zote mbili, na kila upande tuliambiwa kwa upole kwamba ni wao. Kuhusu Karabakh upole ulipungua. Baku tulionyeshwa ushindi wa Azerbaijan katika vita vya 2020. Yerevan tulisimuliwa habari za Septemba 2023, ambapo Waarmenia wa Karabakh zaidi ya 100,000 waliyahama makazi yao katika muda wa siku chache. Sikutegemea kampuni ya utalii inipatanishie mambo hayo, na ninaishukuru kwa kutojaribu. Iliwaacha wenyeji waseme, ikatuachia sisi uzito wa kusikiliza.

Georgia ndiyo iliyopangwa vizuri kuliko zote. Tbilisi tulikaa katika mtaa wa Abanotubani, penye mabafu ya maji ya moto yenye salfa ambayo kuba zake za matofali zinachomoza usawa wa barabara. Aliyewahi kuingia mabafu ya Kiajemi ya Hamamni, Mji Mkongwe wa Zanzibar, atautambua ujenzi huo mara moja, ila hapa maji bado yanatiririka na watu bado wanaoga. Hatua chache juu yake upo msikiti wa Ijumaa, ambamo Wasuni na Washia husali katika jengo moja tangu msikiti wa Washia ulipobomolewa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kupisha daraja. Ratiba haikuutaja kabisa. Niliuliza, mwongozaji akatupeleka bila kusita, na tukapokewa kwa heshima. Kampuni inayopokea wageni kutoka Afrika Mashariki na Ghuba ingefanya vyema kuuweka katika orodha.

Kutoka Tbilisi tulikwenda Mtskheta, mji mkuu wa kale, penye kanisa kuu la Svetitskhoveli la karne ya 11, na kanisa la Jvari lililojengwa juu ya kilima kinachotazama mahali Mto Aragvi unapoungana na Mto Mtkvari. Kisha tukashika Barabara ya Kijeshi ya Georgia kuelekea kaskazini, tukipita foleni ndefu za malori yanayokwenda Urusi, hadi kipito cha mlimani cha Jvari chenye kimo cha karibu mita 2,400, na hatimaye Stepantsminda. Kanisa la Utatu la Gergeti, la karne ya 14, limesimama peke yake kwenye kimo cha mita 2,170, na nyuma yake ni Mlima Kazbek wenye zaidi ya mita 5,000. Kimo hicho hakimsumbui mtu mwenye afya, lakini upepo ni mkali hata wakati wa kiangazi, na wanawake hutakiwa kufunika kichwa na kuvaa sketi kabla ya kuingia. Vikundi vingi hupandishwa kwa gari, hupiga picha na kuteremshwa. Sisi tulilala kijijini, kwa hiyo tuliweza kupanda kwa miguu asubuhi kabla ya mabasi ya kutoka Tbilisi kufika, na mlima uliokuwa umefichwa na mawingu jana yake ukajifunua wote. Usiku huo mmoja wa kulala mlimani ndio tofauti kubwa kati ya msafara huu na ile ya bei nafuu zaidi, na ningeulipia tena.

Kwenye karamu ya Kigeorgia mzee wa meza huongoza dua na salamu moja baada ya nyingine: kwa amani, kwa waliokufa, kwa watoto, kwa wageni. Kati ya salamu hizo wanaume watatu kwenye karamu yetu waliimba kwa sauti tatu zinazopishana na kukutana, uimbaji ambao UNESCO iliutambua tangu 2001. Walikuwa majirani waliokaa mezani pamoja nasi, wakila tulichokula. Katika jimbo la Kakheti tulionyeshwa mitungi mikubwa ya udongo inayofukiwa ardhini kwa ajili ya kuchachushia mvinyo, ufundi ulioandikishwa mwaka 2013. Mimi sinywi, na nilihofu kwamba siku hiyo ingekuwa ya kukaa pembeni, lakini mwenyeji aliniletea maji ya zabibu na akanieleza kazi nzima ya kuosha, kupaka nta na kuziba mitungi hiyo kwa makini yaleyale aliyowapa wengine.

Armenia tuliingia kwa mpaka wa Sadakhlo, tukavuta mizigo wenyewe hadi upande wa pili ambako basi jingine lilikuwa likitungoja. Hapa ndipo ratiba ilipoharibika kidogo kwa kutaka kuonyesha kila kitu. Sanahin na Haghpat katika bonde la Debed, Sevanavank juu ya ziwa la Sevan lenye kimo cha mita 1,900, Geghard iliyochongwa ndani ya mwamba, Khor Virap, Etchmiadzin: kila mahali pana uzito wake, lakini makanisa yakifuatana kwa mwendo huo jicho huchoka na kumbukumbu huchanganya. Ningeondoa mawili au matatu na kuuongeza muda wa Geghard, ambako mwangwi wa chumba cha juu hufanya sauti za waimbaji wanne zisikike kama za umati, na muda wa kutazama misalaba ya mawe inayoitwa khachkar, ambayo kila mmoja una nakshi yake. Hekalu la Garni, lililoanguka katika tetemeko la 1679 na kujengwa upya kati ya 1969 na 1975, tulilipita kwa haraka, na ilitosha.

Yerevan, kinyume chake, ilistahili zaidi ya tulichopewa. Matenadaran huhifadhi miswada zaidi ya 20,000, na miongoni mwake ni kitabu cha mahubiri cha Mush, kikubwa mno chenye uzito wa karibu kilo 28, ambacho wanawake wawili wakimbizi walikigawa vipande viwili mwaka 1915 kwa kuwa hakuna aliyeweza kukibeba peke yake. Mwongozaji alitusimulia habari hiyo mbele ya kitabu chenyewe, kisha akatupeleka kwenye Tsitsernakaberd, mnara wa kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya Waarmenia yaliyoanza mwaka huo wa 1915, uliojengwa mwaka 1967, wenye nguzo bapa 12 zilizoinamia moto usiozimwa. Jumba la makumbusho lililo hapo linahitaji nusu siku, na sisi tulipewa saa moja. Msomaji aliyewahi kuzuru Gisozi, Kigali, anajua kwa nini mahali pa namna hiyo hapafai kuharakishwa, na hilo nililiandika katika fomu ya maoni ya kampuni bila kupunguza makali.

Hoteli zilikuwa safi na za kati, zilizochaguliwa kwa kuwa karibu na mji wa kale. Chakula kilikuwa kizuri kila mahali, lakini anayekula halali ajue kwamba Azerbaijan hana shida yoyote, Georgia na Armenia itambidi aulize kuhusu nguruwe katika vyakula vya nyama ya kusagwa, hasa khinkali, yaani madonge ya unga yaliyojazwa nyama, na kwamba samaki, maharage, jibini na mboga hupatikana karibu kila meza. Bei ilihusisha malazi, waongozaji, usafiri wa barabara, viingilio na kifungua kinywa. Haikuhusisha viza, chakula cha mchana na bakhshishi ya madereva watatu na waongozaji watatu, ambayo kwa jumla si fedha ndogo. Kuhusu viza, masharti ya Waafrika Mashariki hutofautiana na ya wale wenye ukaazi wa nchi za Ghuba, na ni lazima yakaguliwe kwa kila nchi peke yake kabla ya kulipa amana. Wanaotoka Dar es Salaam au Zanzibar watapata wepesi zaidi kupitia Dubai, ambako ndege za kwenda Baku na za kurudi kutoka Yerevan zinapatikana, kwa hiyo tiketi inunuliwe ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine.

Msafara huu unawafaa wanaopenda kusikiliza na kuuliza, na wanaoweza kukaa garini saa nyingi. Wapanda milima watafute mwingine, kwa kuwa hapa mwendo wa miguu ni mfupi, na Svaneti, eneo la milimani la Georgia lenye minara ya mawe ya kijiji cha Ushguli, haimo kabisa. Mwezi Septemba na Oktoba ni wa mavuno ya zabibu Kakheti na njia za milimani bado ziko wazi, na huo ndio wakati ambao ningeuchagua tena, nikiomba siku moja ya makanisa ya Armenia ibadilishwe kuwa siku ya pili ya Yerevan.