Wesley's Chapel, London: usiishie kwenye nguzo

Ukitoka stesheni ya Old Street, fuata City Road kwenda kusini. Baada ya mwendo mfupi kanisa liko kushoto kwako, likitazamana na makaburi ya Bunhill Fields, alikozikwa Susanna, mama yake John Wesley, mhubiri aliyeanzisha madhehebu ya Methodisti. Wesley mwenyewe kazikwa nyuma ya kanisa, alilolifungua Novemba 1, 1778.

Wageni wengi hupiga picha nguzo za marumaru wakaondoka. Nguzo hizo ni za 1891 tu. Za mwanzo zilikuwa milingoti ya meli. Afadhali uanzie kwenye makumbusho yaliyo chini ya kanisa, halafu ndipo upande juu.

Huduma kwa maskini ni ya zamani kuliko jengo hili. Ilianzia jirani, kwenye Foundery, kiwanda kikuukuu cha mizinga kilichogeuzwa nyumba ya ibada. Mwaka 1746 Wesley alianza kugawa dawa hapo, na mwaka huohuo akaanzisha mfuko wa mikopo ambao mwana VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa) yeyote atauelewa mara moja. Mtaji ulikuwa pauni 30 na shilingi 16 za mchango. Mtu alikopa shilingi 20, yaani pauni moja, si zaidi, akarejesha kila wiki hadi deni liishe ndani ya miezi 3. Katika miezi 18 walisaidiwa watu 255. Mtaji mdogo namna ile uliwafikia wote hao kwa sababu ya marejesho ya kila wiki: fedha ilitoka tena bila kusubiri miezi 3 itimie. Kwetu sisi, hili ndilo jambo kubwa kuliko yote ya kujifunza hapa.

Nyumba ya Wesley iko ubavuni mwa kanisa. Humo mna mashine yake ya umeme: silinda ya kioo ilizungushwa kwa mkono mpaka itoe shoti ndogo ya kumtibu mgonjwa. Kipo pia kiti chake cha mazoezi chenye springi, na chumba alimofia Machi 2, 1791. Kasoro ni ngazi zake nyembamba. Mwenye maumivu ya magoti atapata taabu. Ulizia saa za kutembelea kabla hujaenda, hasa mkiwa kundi.

Tangu 1989 kanisa limeungana na Leysian Mission, iliyoanzishwa 1886 na wanafunzi wa zamani wa shule ya The Leys, Cambridge, kuhudumia maskini wa eneo hili. Jengo lao la zamani bado lipo City Road, karibu na stesheni, kwa hiyo litazame unaporudi.