Lili zikimaliza kuchanua: ufyeke shina lote au utoe maua tu?

Wengi wakiona lili zimenyauka wanafyeka mpaka chini, bustani inakuwa safi siku hiyohiyo sawa, ila yale majani mabichi ndo yanayokilisha kitunguu kule chini, ukiyatoa mapema msimu ujao unapata ua moja moja au hupati kabisa.

Njia ya pili inataka subira. Unakata ua lililokauka pamoja na kale kakichwa ka kijani kanakovimba pale lilipokuwa, maana hapo ndo mbegu zinatunga na zinakula nguvu za mmea, majani unayaacha mpaka yageuke njano yenyewe ndo ukate shina. Hata ukitaka maua ya mezani usichukue zaidi ya theluthi ya shina jamani.

Mi naacha majani, hata kama hayapendezi. Labda yawe na madoa ya ukungu, hapo toa haraka uyachome.

Masika panda kwenye tuta maji yasituame, kiangazi weka matandazo, kitunguu cha lili hakina ganda la kukikinga. Na mwenye paka asiache mabaki chini, lili inaua figo zake.