Uzoefu wangu: kusoma digrii na kutumia maktaba ya chuo kwa simu nikiwa Kigoma

Nianze na jibu lenyewe maana najua wengi hamfiki mwisho. Inawezekana kusoma digrii kwa simu ukiwa Kigoma, ila kinachokuvusha sio zile video za lekchara wanazozipigia debe wakati wa kudahili, ni maktaba. Maktaba ya chuo iliyo kwenye simu, pamoja na mtu wa maktaba anayejibu meseji. Hayo mengine mbwembwe tu.

Mimi ni wakala wa pesa, kibanda kiko Mwanga pale maeneo ya sokoni, nachukua digrii ya biashara kwa masafa. Chuo sikitaji kwa sababu kuna sehemu nitakisema vibaya. Nasomea hapohapo kibandani, katikati ya "dada nitolee elfu ishirini" na "dada floti ipo?", nina kiswaswadu cha kazi na simu janja ya kusomea na nimejiwekea sheria hizo mbili zisichanganyike, maana ukianza kufanyia miamala kwenye simu ya shule siku hiyo husomi tena.

Mzee wangu alisoma kwa njia ya posta miaka ya 70, anasema ulikuwa unajibu zoezi, unalituma, mpaka lirudi na wino mwekundu umeshasahau ulijibu nini. Hata Chuo Kikuu Huria kilipoanza kupokea wanafunzi 1994 mambo bado yalikuwa ya vitabu vya kuchapwa. Kwa hiyo mimi nikilalamika mzee ananiangalia tu anacheka, lakini nitalalamika, hela ya bando ni yangu.

Tuanze na mfumo wa masomo. Chuo chetu kinatumia Moodle kama vyuo vingi, na watu wengi wanaifungua kwenye brauza halafu wanasema inakula mb. Ndugu zangu, kuna programu yake ya simu, unaingia na pasiwedi yako ileile, unakwenda kwenye kozi unabonyeza kupakua, noti zote zinakaa kwenye simu na unazisoma bila bando. Mimi napakua usiku nikiwa nyumbani, mchana nasoma data ikiwa imezimwa kabisa. Hata kwiz unaweza kufanya bila mtandao ikajituma yenyewe ukirudi hewani, ila hapo ndipo shida ilipo, mwalimu lazima awe ameruhusu kwenye mipangilio, na kwiz yenye muda wa kuhesabiwa haikubali hiyo kitu. Sasa walimu wetu karibu wote wanaweka dakika thelathini na hiyo ruhusa hawaiwashi, ukiwauliza wanasema watu wataibia. Sawa, ila mtu wa Mwanga mvua ikishika mtandao unasuasua unajikuta upo swali la nane kiduara kinazunguka tu na dakika zinaisha. Nililalamika, nikajibiwa nitafute sehemu yenye mtandao mzuri! Kigoma nzima unaniambia nikatafute.

Video sina mengi. Lisaa lizima mwalimu anasoma slaidi, ukiitazama imekula bando la siku na ulichopata ni kilekile kilicho kwenye noti kurasa sita. Weka sauti peke yake basi tusikilize tukiwa tunafanya kazi, sauti haili kitu.

Maktaba sasa. Hii ndio ninayoisifia na watu wengi hata hawajui kama ipo, wanadhani maktaba ni jengo la kule makao makuu. Chuo kinalipia majarida na vitabu vya mtandaoni, wewe ukiwa na akaunti unaingia kutoka popote kama vile umekaa ndani ya chuo. Kabla ya hapo nilikuwa natafuta makala google, naipata, nabonyeza, naambiwa nilipe dola, naondoka. Kumbe ileile makala chuo kimeshailipia. Nilikuwa na asainmenti ya vikoba na mikopo midogo, wenzangu wakawa wanakopi blogu, mimi nikaweka makala za majarida zenye kurasa na mwaka, mwalimu akaandika pembeni "umezitoa wapi hizi". Raha niliyosikia hiyo siku nisiseme uongo.

Sasa ubaya wake. Vitabu vingi ni PDF, tena vingine vimeskaniwa, yani ni picha za kurasa. Kwenye simu ya inchi sita unakuza maandishi kwa vidole viwili, unasoma nusu mstari, unasogeza kulia, unarudi kushoto, na makala zenye safu mbili ndio kabisa, unashuka hadi chini halafu unapanda tena juu kutafuta safu ya pili, mara mama mmoja anakuja anataka kutuma kwa mwanae Dar, unaweka simu chini, ukirudi imejizima, ukifungua imekurudisha ukurasa wa kwanza. Ukikuta kitabu kiko kwenye EPUB kichukue hicho, maandishi yanajipanga yenyewe kulingana na kioo, unakuza herufi na hakuna kusogezasogeza. Ni vichache lakini vipo, na kwenye tovuti ya maktaba mara nyingi wanaviwekea kitufe kidogo pembeni ya PDF ambacho hukioni.

Kilichoniokoa ni dada mmoja wa maktaba. Chuo kina namba ya WhatsApp ya maktaba, nilijaribu nikijua hakuna atakayejibu, kumbe anajibu. Nilimwambia kuna kitabu nakihitaji ila faili lake ni mb 60 na zaidi, akaniuliza unataka sura gani, nikamwambia ya nne, akanikatia ile sura peke yake akanitumia, mb 2 na kidogo. Mb mbili! Tangu hapo nikawa nauliza vizuri, namtajia mada, mwaka, sura kama naijua, naye ananielekeza, wakati mwingine anarekodi voisi fupi ya jinsi ya kutafuta. Alinionya pia nisiwe narusha kitabu kizima kwenye magrupu maana chuo kimelipia kwa masharti, namuelewa, ingawa wenzetu wa Kalya na Buhingu wanakuja mjini na boti wana memori kadi mkononi wanataka tuwarushie noti kwa Xender, ile programu ya kurushiana mafaili bila bando, noti za mwalimu nawapa zote bila shida, vitabu vya kulipia nawaelekeza kwake. Tatizo ni mtu mmoja kwa wanafunzi wote hao, na wikiendi hayupo, wakati sisi wa masafa ndio tunasoma wikiendi. Pasiwedi nayo ikiisha muda linki ya kubadilisha inakuja kwenye imeili imeshachelewa, unaibonyeza inakwambia imekwisha muda wake.

Kama chuo chako hakina hayo usikae hivihivi. Tovuti ya DOAJ ina orodha ya majarida ya bure kabisa bila pasiwedi. Mdogo wangu ni nesi kwenye kituo cha afya huku mwambao, yeye anatumia Hinari, ile huduma ya majarida ya afya ya mtandaoni iliyoanzishwa na WHO 2002 na sasa iko ndani ya mpango wa Research4Life, ila jueni inasajiliwa taasisi sio mtu mmoja mmoja, kwa hiyo muulizeni mkubwa wenu wa kazi kama mmesajiliwa. Watoto wa sekondari wanaokuja kukaa kibandani kwangu nawaonyesha maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, vitabu vya kiada vipo humo bure.

Kuandika kwa simu, hapana. Kusoma ndiyo, kuandika asainmenti ya kurasa kumi kwa dole gumba ni adhabu. Nilinunua kibodi ndogo ya bluetooth naegesha simu kwenye kopo la asali, naandika kwenye Google Docs ambayo inakubali bila mtandao, mwishoni naenda stationari kupanga majedwali kwenye kompyuta yao.

Maksi nawapa hivi, maktaba 9 kati ya 10, noti za Moodle 8, kwiz 4, video 2. Na wale wanaouliza simu gani, ramu isiwe chini ya GB 4, betri kubwa kuliko kamera, na mkiwa dukani fungueni kabisa kile kitrei cha laini muangalie kama kina nafasi ya memori kadi, zingine za siku hizi hawaweki na muuzaji hatakwambia.