TAHADHARI: Ajenti wa kazi za Saudia anayetisha watu wakikataa kusafiri

Jameni wale mnatafuta kazi za Gulf, haswa wasichana wa Kwale, Kilifi na Mombasa, someni hii kabla mpeane pasipoti. Kuna ofisi Nairobi ina mabroka wake huku Pwani, wanaambia watu hulipi kitu, medikali juu yao, viza juu yao, tikiti juu yao. Jina siweki hapa sababu kesi iko kituoni.

Dadangu mdogo alienda, akaekwa hosteli akafunzwa kupiga pasi na kutumia mashine za nguo, mshahara akaambiwa riyali 1,500. Kandarasi kutoka ni 900, na kwa hiyo nyumba kuna watoto kibao na mzee mgonjwa wa kubebwa. Akasema siendi. Hakuwa amesaini chochote na ni haki yake kukataa.

Hapo ndio wakageuka. Mwenye ofisi, mama aliyekuwa mpole ajabu siku ya kwanza, akaanza kutuma voisi usiku usiku, eti alipe shilingi 85,000 za medikali, chakula na kitanda cha hosteli, la sivyo polisi watamtoa nyumbani, ataandikwa CRB, wale wanaoweka rekodi za wasiolipa mikopo, na pasipoti asahau. Wakampigia mpaka mama yetu kijijini wakamwambia amezaa mwizi. Mama ana presha, alilia akataka kuuza mbuzi alipe. Mimi hilo ndilo limenichoma, maana wanajua kabisa mzazi ndiye atalipa kwa woga.

Sasa sikizeni. Polisi sio wakusanya madeni, mtu akikudai anaenda kortini na huko ataulizwa makubaliano na risiti. CRB nayo sio daftari la duka, ajenti wa kazi hawezi kuamka tu akakuandika. Pasipoti ni mali ya serikali, haishikwi rehani na mtu yeyote. Na kutishia mtu kwa simu hivyo ni kosa kwa ile sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, faini inafika milioni 20 ama jela miaka 10.

Sisi hatukujibizana naye. Tuliweka voisi zote na skrinishoti zenye namba yake, tukaripoti polisi tukapewa OB, ile namba ya ripoti kwa kitabu cha kituo, halafu tukamtumia hiyo namba ya OB na mesej moja tu ya kuitisha pasipoti. Ililetwa na mtu wa boda, hata hakushuka kwa pikipiki.

Ofisi yoyote angalia kwanza kama iko kwa orodha ya NEA, Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Hawa hawamo, kile cheti wametundika ukutani ni cha kusajili biashara, sio leseni ya kupeleka watu nje.

Na kama bado uko kwa hiyo hosteli, kuna karatasi wameanza kupeana eti ni ya kuthibitisha umekula na kulala hapo. Usiisaini, hiyo ndio wanataka kutumia kama deni. Njoo inbox nikuelekeze.