"Kigoma gia ya tano ya nini?" Uzoefu wangu na giaboksi ya mtumba kutoka Dar

Kwa mwenye pikapu ya dizeli, zile za Kijapani ambazo kila mbeba mzigo anazijua, na sasa anatafuta giaboksi ya mtumba: duka nililonunua mimi sitalitaja. Liko Dar, na muuzaji wake ana maneno matamu sana kabla hujatuma hela. Nampa nyota moja. Hata hiyo moja ni ya yule kijana wa basi aliyefunga mzigo kwa kamba na magunia ukafika salama.

Nafanya biashara ya dagaa hapa Kigoma, Ziwa Tanganyika. Nachukua Kibirizi, napandisha Manyovu au Kasulu, narudi na maharage, ndizi, tangawizi, chochote kitakachorudisha hela ya mafuta. Gari linafanya kazi, halipumziki. Anayeijua ile njia ukishaiacha Mwandiga kuelekea Manyovu anajua kwamba gari lenye magunia halipandi kwa kujidai. Unaingia namba mbili na unakaa humo humo, kona kwa kona, huku unaangalia mshale wa joto.

Na ni hiyo hiyo namba mbili iliyoanza. Mara ya kwanza ilichomoka yenyewe tukiwa tunateremka, dereva wangu akairudisha, tukacheka. Baadaye ikawa inachomoka hata kwenye mpando. Kijana akawa anaendesha mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshikilia kijiti cha gia kama vile kitaibiwa. Siku moja nikaingia ndani ya gari nikakuta kijiti kimefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli mpaka kwenye chuma cha kiti. Nikamuuliza, hii ni nini? "Mama, hii ndiyo klachi ya wanaume." Tukaenda hivyo hivyo kipindi, sitasema kirefu kiasi gani.

Ikaja kulia mlimani. Mlio mmoja mkubwa chini ya sakafu, kisha kusagika, kisha ukikanyaga mafuta injini inapiga kelele na gari halisogei. Dagaa nyuma, jua la mchana, inzi wamefika kabla ya watu. Tulihamishia mzigo kwenye gari la jirani wa Buhigwe, Mungu ambariki, na pikapu ikashuka mjini kwa kuvutwa.

Fundi wangu yuko Gungu. Si mtu wa maneno. Aliwasha injini, akaacha gia huru, akasikiliza. Akakanyaga klachi, kelele ikapungua. Akaachia, ikarudi. Akasema tatizo liko ndani ya giaboksi kwenyewe, maana ingekuwa beringi ya klachi ndiyo inalia, ingelia pale anapokanyaga. Kisha akalala chini, akafungua nati ya kumwagia oili, oili ikashukia kwenye beseni la kufulia nguo.

Hiyo oili ilikuwa inang'aa, yaani inapendeza kabisa kwa mtu asiyejua. Akachukua sumaku ya spika mbovu, akaizungusha ndani ya beseni, ikatoka imeota manyoya meusi ya chuma, na katikati yake kipande kizima cha jino. Kwenye beseni zikabaki chenga za njano ambazo sumaku haikuzigusa. "Hizi nyeusi ni meno. Hizi njano ni zile pete za shaba zinazosaidia gia kuingia bila kukwaruza. Zote zimekwenda, mama."

Kutengeneza kulikuwa na hesabu yake. Ukibadilisha gia ya pili, ile inayosagana nayo chini nayo imeliwa, beringi nazo zimeliwa chenga, na mpaka uagize kimoja kimoja unakuta umenunua giaboksi nyingine kwa vipande. Tukakubaliana ya mtumba iliyo kamili. Na hapa ndipo nilipopewa ile namba ya simu.

Kabla sijalipa nilikuwa "mama yangu kipenzi". Alinitumia picha nne, giaboksi imeoshwa inameremeta, na ujumbe wa sauti kwamba imeshuka juzi tu kutoka Japani, haijawahi kufunguliwa, "hata oili ya Wajapani bado imo." Waranti wiki moja. Milioni na ushee nikaituma kwa simu, nauli ya mzigo juu yangu. Basi likaileta. Fundi akaifunga, akajaza oili, tukatoka kuijaribu.

Sasa niseme ukweli hapa ingawa roho inauma: namba moja, mbili, tatu na nne zilikuwa nzuri kuliko za mwanzo. Namba mbili inaingia kwa kidole. Hainung'uniki, haichomoki. Dereva alikuwa anatabasamu peke yake. Kama ningeandika siku hiyo saa hiyo mngesoma sifa tupu.

Tukafika kwenye lami iliyonyooka kuelekea Kidahwe, akatia namba tano. Ikakwaruza. Akaitoa, akarudia taratibu. Ikaingia, ikakaa kidogo, ikajitema. Tena. Ikajitema. Nikamwambia simama pembeni, nikampigia muuzaji pale pale barabarani, nikiwa na adabu zangu zote. Habari za kazi, mzigo umefika, ahsante, ila kuna tatizo dogo, namba tano haikai.

Akanyamaza. Kisha akacheka, jamani. Akasema hivi, na nilikuwa nimeweka sauti ya nje, dereva ni shahidi: "Sasa mama, huko Kigoma gia ya tano ya nini? Unakwenda nayo wapi?"

Nilishindwa kujibu. Mimi huyu, ambaye Kibirizi nagombana na wavuvi alfajiri mpaka wananipunguzia bei. Majibu yalinijia usiku nikiwa nimelala, kama kawaida.

Basi nayaandika hapa. Kijana, reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Meli tunayoiita Liemba ilijengwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikawekwa kwenye makasha kwa maelfu, ikavuka bahari mpaka hapo hapo Dar unapouzia, ikapandishwa treni, ikaja kuunganishwa Kigoma na kuingia majini mwaka 1915. Ikazamishwa vitani, ikaibuliwa, ikaendelea na kazi. Meli nzima! Watu wa zama hizo hawakuwa na simu wala picha nne za kumeremeta, na ilifika ikiwa na vyuma vyake vyote. Wewe giaboksi moja, kitu cha kubebwa na watu wawili, imekushinda kuituma ikiwa na gia zake tano. Na lami tunayo. Kutoka Kidahwe kwenda Uvinza dereva anaweka tano na anaisahau. Bila tano, injini inalia njia nzima na dizeli inanywewa, ile dizeli ambayo huku mwisho wa reli hatuuziwi kwa bei ya Dar.

Baada ya hapo nikauliza kuhusu waranti. Akasema wiki inahesabiwa tangu mzigo ulipopakiwa kwenye basi. Nikauliza, na muda uliokaa njiani? "Hiyo ongea na basi." Nikiitaka niirudishe kwa nauli yangu, aiangalie, "tukiona ni kosa letu." Simu ya mwisho aliyopokea alinipa na ushauri wa bure: niweke oili nzito yoyote ya gia, itakaa tu. Fundi wangu aliposikia hivyo aliweka spana chini. Alinionyesha galoni, limeandikwa GL-4, ndiyo daraja la oili inayotakiwa humu. Akasema ile ya GL-5 ni ya difu, zile gia za kwenye ekseli ya nyuma, ina dawa kali kwa ajili ya meno ya difu, na dawa hiyo inaweza kuzila zile pete za shaba. Kuna giaboksi zinazoikubali, hii si mojawapo. Kwa hiyo muuza giaboksi ananishauri namna ya kuua gia nne nilizobaki nazo. Baada ya hapo akawa hapokei, nadhani amenifungia kabisa.

Haya yote yalitokea kwenye giza, na wenzangu wa ziwani mnajua maana yake. Mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazisaidii, dagaa hawaji. Kazi yetu ni kwenye giza. Ziwa lilipofungwa kuanzia Mei mpaka Agosti mwaka 2024 tulivumilia, samaki wapumzike wazaliane, sawa. Lakini kukaa giza zima unaangalia dagaa wanapakiwa kwenye magari ya watu, kwa sababu kuna mtu Dar anaona wewe ni wa kuishi na gia nne, hiyo siwezi kuivumilia na sioni kwa nini niivumilie.

Lililoniokoa ni fundi. Kwenye giaboksi ya aina hii gia ya tano imewekwa nyuma kabisa, peke yake, mbali na zile nne. Unashusha giaboksi, unafungua mkia wake tu, huku mbele hugusi. Akafungua ya Dar: pete ya tano imekwisha, vijino vyake vidogo vimekuwa butu. Hicho si kitu cha siku moja, na aliyeiosha kwa ajili ya picha alijua. Akafungua mkia wa ile yetu ya zamani, iliyokufa. Ya tano nzima, kali, kama imetoka dukani. Akaihamisha na pete yake na uma wake, akafunga, tukaenda tena kwenye ile lami. Ikaingia. Ikakaa.

Na hili ndilo linalonikera kuliko yote. Ya tano yetu ilikuwa nzima kwa sababu miaka yote gari limeishi milimani kwa mbili na tatu. Yaani ukitaka kumtetea yule kijana utasema alikuwa na nusu ya hoja. Simpi hata hiyo nusu. Nililipia tano.

Kwa hiyo, je, ninunue giaboksi ya mtumba? Mimi nasema nunua. Mpya hatuiwezi wengi wetu, na hii niliyonayo inapanda Manyovu vizuri sana, kwa kweli ningempa nyota nne giaboksi yenyewe. Ila usitume hela kwa picha. Tafuta mtu Dar akatie kila gia kwa mkono huku anazungusha shafti, na ya kurudi nyuma pia, na asimame hapo mpaka ipakiwe. Hata hivyo sina uhakika mtu wako angeigundua hii ya tano pale dukani, maana kwa mkono bila mzigo ilikuwa inaingia. Basi usinunue. Au nunua kwa mtu unayejua nyumbani kwake. Nikianza kumkumbuka anavyocheka naona hata nyota ya kijana wa basi niichukue, lakini yeye hana kosa.

Kwa sasa kuna oili inavuja kidogo kwenye sili ya nyuma, fundi anasema si ya kutisha, tutaibadilisha mwezi ukiwa mpevu. Na ile giaboksi ya zamani ipo Gungu, inauzwa kwa spea. Kasha zima, namba moja, tatu na nne zinafaa, mbili imekufa, tano haipo, tumeitoa sisi wenyewe. Anayeitaka aje aifungue aone.