Kwanza nionyeshe anafanya kazi gani: filamu na tamthilia nilizozipenda na zilizonishinda

Mimi ni mtazamaji tu. Sijasomea filamu, simjui mtayarishaji hata mmoja, na hela yangu imeishia kwenye king'amuzi na, zamani, kwenye CD za kukodi, zile ambazo msimu mzima ulibanwa kwenye diski moja na maandishi ya chini yalikuwa hayafanani kabisa na kinachosemwa. Katika kutazama huko kote nimejijua jambo moja: mhusika asiye na kazi hanikamati. Haitoshi kuniambia kwamba ni mfanyabiashara. Nataka nimwone kazini, anachoka, analipwa au anadhulumiwa, ndipo nitajali kama ameachwa na mchumba.

Ugonjwa huu naona ulianzia kwenye Isidingo, tamthilia ya Afrika Kusini. ITV walipokuwa wakiirusha, nyumba nyingi za Tanzania chakula cha usiku kilisubiri. Wengi wanawakumbuka wahusika wake Barker Haines na Cherel, ambaye mama zetu walimtukana mbele ya skrini kana kwamba anawasikia. Mimi nilichokipenda ni mgodi. Horizon Deep ulikuwa mgodi wa dhahabu, na kila ugomvi wa kule juu ulikuwa na watu chini ya ardhi wa kuulipia. Baadaye hadithi ikahamia kwenye kituo cha televisheni, suti zikaongezeka, na mimi nikaanza kusinzia. Iliendelea hadi 2020 lakini mimi nilishashuka zamani.

Prison Break, tamthilia ya Kimarekani, ilinifanyia hivyo hivyo, tena kwa maumivu zaidi. Msimu wa kwanza, wa 2005, kwangu bado haujapata mpinzani. Michael Scofield ni mhandisi wa majengo, na analivunja gereza la Fox River kwa uhandisi, si kwa misuli. Kuna ile parafujo anayoifungua kwenye benchi la uwanjani gerezani. Anaisugua taratibu sakafuni mpaka ikae umbo la kufungulia choo cha selo yake, ili apate njia ya kupita ukutani. Ni kipande cha chuma tu, lakini sehemu nzima unashika roho, maana umeona jasho lililotumika na unajua kikipotea kila kitu kimeharibika. Wakishatoka nje, kazi imekwisha, na waandishi wakabaki na watu wa kuwakimbiza tu. Msimu wa tatu wakamrudisha gerezani, safari hii Panama. Sara, yule daktari anayempenda Michael, anauawa, unaomboleza, msimu wa nne huyu hapa mzima wa afya. Michael mwenyewe anakufa, 2017 anafufuka. Jamani, mtu akifa na afe. Mimi siku ile Sara aliporudi ndipo nilipozima.

Sasa twende nyumbani, na hapa nitasema bila kuuma maneno. Kuna aina ya filamu zetu, hasa zile zilizouzwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili kwa hela mbili tofauti, ambazo sitazirudia hata nikilipwa. Mtu anapiga hodi. Anafunguliwa. Anakaribishwa kwenye kochi kubwa la rangi ya maziwa. Anaulizwa anatumia kinywaji gani. Anasema juisi. Kamera inamsindikiza dada wa kazi mpaka jikoni, inamsubiri amimine, inarudi naye. Mgeni anakunywa, anaweka glasi, anasema, "Nimekuja kwa jambo moja." Simu inaita. Hadithi ya dakika arobaini inakuwa saa tatu, na huko nyuma kinanda hakinyamazi. Halafu huyo mwenye nyumba ni mkurugenzi. Wa nini? Hatuambiwi. Ofisini kwake meza ni tupu, kompyuta imefunikwa, sekretari anaingia na faili, bosi anasaini bila kusoma, sekretari anatoka. Hiyo ndiyo kazi yote tutakayoiona, na kwa kazi hiyo ana magari matatu getini.

Waigizaji siwalaumu. Wengine wana kipaji kikubwa, na baadhi nimewaona wakipewa hadithi yenye mifupa wakabadilika kabisa. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na kalamu akajiuliza huyu baba anaamka saa ngapi na anakwenda wapi.

Kwamba inawezekana, tamthilia yetu ya Siri ya Mtungi ilishaonyesha tangu mwisho wa 2012. Ilitengenezwa kwa hela za Wamarekani kwa ajili ya elimu ya afya, na kwa kawaida nikisikia hivyo natafuta rimoti, maana najua daktari atasimama katikati ya sebule atuhutubie. Hii haikuhutubu. Cheche ni mpiga picha Bagamoyo, ana studio, ana mke, ana tamaa zake, na wateja wanaingia na kutoka na matatizo yao. Mji wenyewe unaonekana, kuta za zamani na bahari, na watu wanasemezana kama watu wa mji mmoja. Mambo ya afya yalipenya humo humo kwenye uongo wa ndoa. Natamani zingefuata kumi za namna ile.

Kuna mpiga picha mwingine niliyempenda, Mchina. TBC mwaka 2011 waliileta ile tamthilia ya Mao Doudou, imetiwa Kiswahili, na nilianza kuitazama kwa kejeli. Doudou ni nesi, mumewe anapiga picha za maharusi, wazazi wa mume wameachana na baba ameoa tena, kwa hiyo bi harusi anapata mama wakwe wawili. Nani hapa kwetu anahitaji kuelezwa hilo? Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam 2013 aliitaja kwenye hotuba yake, na nilimwelewa. Sauti zilikuwa hazikai vizuri midomoni, lakini nesi anayetoka zamu amechoka na kukuta wakwe wawili wanamsubiri, huyo namjua.

Nikilazimishwa kuchagua moja tu, ni Nairobi Half Life ya 2012, ya David "Tosh" Gitonga. Mwas yuko kijijini anauza filamu za Kimarekani, na mbinu yake ya biashara ni kuziigiza palepale mbele ya wateja, milio ya silaha na kila kitu. Anakwenda Nairobi akawe mwigizaji, anaporwa akiwa hata hajashusha pumzi, na kabla hajaelewa mji umemfanya nini yuko mahabusu analazimishwa kusafisha choo ambacho sitakieleza kwa sababu huenda unakula. Baadaye mchana anafanya mazoezi ya jukwaani, usiku anang'oa vipuri vya magari na genge la Oti. Wizi wenyewe unaonyeshwa kama kazi: nani anashika nini, mnunuzi anapunja kiasi gani, polisi anataka chake. Joseph Wairimu alipewa tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Durban kwa kucheza Mwas, na ilikuwa halali yake. Ndiyo filamu ya kwanza Kenya kuipeleka Oscar.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji imenigawa. Tanzania iliipeleka Oscar 2022, baada ya kukaa kimya tangu 2001, na kwa macho ni tamu mno: Zanzibar ya miaka ya 1950, vichochoro, mwanga wa taa, Yasmin aliyekimbia ndoa ya mzee. Lakini mara nyingi nilihisi watu wamesimamishwa wapigwe picha. Filamu inapata joto kila Siti Amina anapoingia kama Mwajuma, rafiki wa Yasmin. Yeye anaishi mle ndani, wengine wamealikwa. Hata hivyo niliitazama hadi mwisho, na nitaitazama tena kwa ajili yake.

Supa Modo (2018), filamu ya Kenya, inavunja kanuni yangu yote, maana mhusika wake ni mtoto. Jo ni mgonjwa asiye na siku nyingi, anapenda mashujaa wa sinema, na kijiji kizima kinakubali kujifanya kwamba ana nguvu za ajabu. Watu wazima wanaganda katikati ya mechi ya mpira ili mtoto aamini amesimamisha muda. Nililia, na mimi si mtu wa kulia. Nikajitetea kwamba kazi ipo, ila wanaifanya majirani.

Anayetaka kuanza leo aanze na hiyo, akiwa na familia. Nairobi Half Life asubiri watoto walale, maana lugha ya wale vijana wa genge la Oti haijachujwa hata kidogo.